Suluhu ya Wakubwa na Mlango wa Jirani



Safari ya hivi karibuni ilitutoa pwani ikatufikisha Chepilat, mji mdogo wa soko katika nchi ya chai, kwenye njia ya Sotik kwenda Kisii. Upande mmoja ni Bomet, kwa Wakipsigis. Upande wa pili ni Nyamira, kwa Wakisii. Sokoni tulimwona mama wa Kikisii akimwachia jirani yake wa Kikipsigis ndizi zake amwangalizie, naye akaenda kuswali haja zake bila wasiwasi. Ni jambo dogo. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, majirani wa mpaka huo walipigana na kukimbiana.

Tarehe 28 Februari mwaka huo Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mapatano jijini Nairobi, mbele ya Kofi Annan na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania. Saini ilikuwa kazi ya siku moja. Kuaminiana hadi kuachiana ndizi kulihitaji miaka.

Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Februari 1977 Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Zilikuwapo sababu za mali na za siasa: Tanzania ikifuata ujamaa, Kenya ikifuata njia ya soko. Lakini ipo nyingine tusiyopaswa kuisahau. Tangu Idi Amin alipotwaa Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, na kikao cha marais watatu hakikufanyika tena. Wakubwa walipoacha kukutana, ugomvi ulikosa mahali pa kusemewa. Waliolipa ni wadogo: mwenye mume Vanga na mama mzazi Tanga, mwenye kuposa ng'ambo, mwenye maiti asiyeweza kufika maziko.

Ilichukua zaidi ya miaka sita. Novemba 1983 Moi, Nyerere na Obote walikutana Arusha, baada ya mpatanishi wa Kiswisi, Victor Umbricht, kuhangaika miaka mingi juu ya mgao wa mali ya Jumuiya. Mpaka ukafunguliwa. Mkataba wa mgao ulitiwa saini Mei 1984, na ndani yake wakaacha nafasi ya kushirikiana tena. Kwa nafasi hiyo Jumuiya mpya ilizaliwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999.

Waislamu hatushangai. Katika mwaka wa sita wa Hijra, pale Hudaybiya, Mtume wetu (s.a.w.) alikubali neno "Mtume wa Mwenyezi Mungu" liondolewe katika hati kwa kuwa Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makureshi, alilikataa. Masahaba walihuzunika, wakasita kuinuka. Aliyetoa shauri ni mwanamke, mama yetu Ummu Salama: atoke, achinje mnyama wake na anyoe nywele bila kumsemesha mtu. Alipofanya hivyo, watu wote wakamfuata. Mapatano yalikuwa yameandikwa na wanaume nje. Yalianza kutekelezwa kwa shauri lililotoka hemani.

Basi enyi akina mama, msidhani mikutano ya marais haiwahusu. Wao hufungua lango. Anayepita ni ninyi. Mtoto akisikia nyumbani kwamba kabila fulani au taifa fulani ni adui, hakuna saini itakayomfuta neno hilo. Na akimwona mama yake akipeleka sahani ya futari kwa jirani waliyekosana, amekwisha kusoma mkataba wote.

Tuanze nasi wenyewe. Aliyenuniana na jirani asingoje mpatanishi kutoka mbali; abishe hodi kabla ya Ijumaa ijayo.

Mwenyezi Mungu azipatanishe nyoyo zetu, na awape viongozi wetu ujasiri wa kuketi pamoja. Amin.