Mizani Inapogoma Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Upasuaji wa kupunguza uzito siku hizi hufanywa zaidi kwa njia mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo inayoongoza duniani, ni ile ambayo daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kumwachia mgonjwa mrija mwembamba mfano wa ndizi. Katika ya pili, kipande kidogo cha juu cha mfuko, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, hutenganishwa na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula hakipiti tena kwenye sehemu kubwa ya mfuko wala kwenye mwanzo wa utumbo. Njia zote mbili hushusha uzito kwa kiwango ambacho wengi hawakifikii kwa mlo na mazoezi pekee. Na kwa zote mbili hufika wakati mizani ikagoma: mtu anapanda asubuhi, anashuka, anapanda tena, na namba ni ileile ya wiki iliyopita na ya wiki iliyotangulia.

Hali hii humpata karibu kila aliyefanyiwa upasuaji huu, na wengi huwapata zaidi ya mara moja. Huumiza kwa sababu mgonjwa ametumia fedha nyingi, amekubali kupasuliwa, na pengine ndugu na majirani wanamtazama kuona kama kweli atapungua. Wapo wanaojiona wameshindwa, na wapo wanaodhani daktari alikosea. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Jambo la kwanza ni kutambua uzito umekwama kwa sababu gani, maana kuna kukwama kunakopita kwenyewe, kuna kunakoonyesha kwamba mwili umefika mwisho wa safari yake ya kushuka, na kuna kunakohitaji daktari.

Kukwama kwa mapema hutokea mara nyingi kati ya wiki ya pili na ya sita, na chanzo chake kikubwa ni maji. Mwili huhifadhi akiba ya wanga iitwayo glaikojeni kwenye ini na misuli, kiasi cha gramu 500 hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu 3 za maji. Siku za kwanza baada ya upasuaji mgonjwa anakunywa maji na supu nyepesi tu, hivyo akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo. Ndiyo maana kilo hudondoka haraka mno mwanzoni, ingawa sehemu kubwa ya kilo hizo si mafuta. Akianza kula vyakula laini, akiba hujijaza kiasi na maji hurudi. Tuseme katika muda huo amepoteza kilo moja ya mafuta huku kilo moja ya maji ikirudi mwilini: mizani haitaonyesha badiliko lolote, lakini mwilini kazi kubwa imefanyika. Kwa mwanamke, siku zinazotangulia hedhi huongeza maji pia. Kufunga choo, jambo la kawaida kwa anayekula kidogo na kumeza vidonge vya madini ya chuma, nako huongeza uzito wa muda. Dripu za hospitali huweza hata kumfanya mgonjwa arudi nyumbani akiwa mzito kuliko alivyoingia.

Kwa kukwama kwa namna hii hakuna dawa ila subira na kupima kwa utaratibu. Mara moja kwa wiki inatosha, kwenye mizani ileile, asubuhi baada ya haja na kabla ya kula, kwa nguo nyepesi zilezile. Futi ya fundi cherehani husaidia kuliko wengi wanavyodhani: kiuno, nyonga, paja na mkono wa juu vikipimwa kila mwezi na kuandikwa kwenye daftari, mara nyingi sentimita huendelea kupungua wakati kilo zimesimama.

Kukwama kunakokuja baadaye kuna mizizi mirefu zaidi. Mwili uliopungua ni mwili mdogo, na mwili mdogo hutumia nishati kidogo hata ukiwa umelala. Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walikadiria mwaka 2016 kwamba kila kilo moja inayopungua hushusha matumizi ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, huku hamu ya kula ikipanda kwa takriban kalori 100 kwa siku. Kwa maneno mengine, njaa hupigania kilo zilizopotea kwa nguvu mara tatu au zaidi kuliko kupungua kwa matumizi. Mwaka huohuo Hall alichapisha matokeo ya washindani 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito nchini Marekani. Miaka 6 baada ya shindano, miili yao bado ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao, na wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito.

Hapo ndipo upasuaji unapotofautiana na kujinyima chakula. Timu ya Hall ilipowafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha utumbo, iliona kushuka huko kwa matumizi ya nishati kusiko kwa kawaida kwenye mwezi wa 6, lakini kufikia mwezi wa 12 hakukuonekana tena. Upasuaji hugusa homoni za njaa na shibe. Ghrelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, hutengenezwa zaidi kwenye sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, sehemu ambayo huondolewa katika ile njia ya mrija. Homoni za shibe zinazotoka utumboni huongezeka mara tu baada ya kula. Njaa inabaki, lakini makali yake yanapungua, na ndiyo sababu uzito wa aliyepasuliwa huendelea kushuka kwa miezi 12 hadi 18, ilhali ule wa anayejinyima kwa mlo pekee kwa kawaida husimama kabla ya hapo.

Baada ya miezi hiyo hufika kukwama kwa mwisho, na huku ndiko kunakoeleweka vibaya kuliko kwingine. Kwa wastani, njia ya mrija hushusha asilimia 25 hadi 30 ya uzito wote wa mwili, na ile ya kuunganisha utumbo asilimia 30 hadi 35. Mtu aliyeanza na kilo 130 akafanyiwa upasuaji wa mrija hutarajiwa kufika kati ya kilo 91 na 98. Akikwama kwenye kilo 95 baada ya miezi 15, upasuaji umetimiza kazi yake, hata kama yeye alikuwa akiota kilo 70. Ni haki ya mgonjwa kuelezwa hesabu hii kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Asipoelezwa, ataishi na huzuni isiyostahili juu ya mafanikio ambayo mwili wake umeyapata kweli.

Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987, ukiongozwa na Lars Sjöström, ulifuatilia watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji na wengine 2,037 waliopata matibabu ya kawaida. Waliounganishwa utumbo walifika chini kabisa katika mwaka wa kwanza au wa pili, wakiwa wamepungua kwa asilimia 32 kwa wastani. Baada ya miaka 10 walikuwa kwenye asilimia 25. Kupanda kidogo baada ya kufika chini kabisa ni sehemu ya kawaida ya safari hiyo. Lililo kubwa ni kwamba, baada ya umri, jinsia na hatari nyingine kuzingatiwa, uwezekano wa kufa katika kundi la upasuaji ulikuwa pungufu kwa asilimia 29. Sukari iliyoshuka, presha iliyotulia, magoti yasiyouma tena na usingizi usiokatwa na kukoroma ni vipimo halali vya upasuaji, navyo mizani haivioni.

Upo pia uzito unaokwama mapema kuliko unavyopaswa, kwa mfano kwenye mwezi wa 5 au wa 7, na hapo sahani na kikombe hustahili kuangaliwa kwa makini. Mfuko mdogo huzuia chakula kigumu, lakini vinywaji hupita bila kizuizi. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, na juisi ya miwa au ya embe haiko mbali na hapo. Chai ya maziwa yenye sukari, ikinywewa mara nne kwa siku kwa kuwa kila mgeni anakaribishwa chai, ni mlo mzima ambao haukuhesabiwa. Kiganja cha karanga cha gramu 30 kina takriban kalori 170, na huliwa mtu akizungumza bila hata kutambua. Tatizo kubwa kuliko yote ni kudokoadokoa: nusu andazi saa nne, kipande cha muhogo saa sita, kashata jioni. Kila kitu ni kidogo, mfuko haujai hata mara moja, na hisia ya shibe ambayo upasuaji uliileta haipati nafasi ya kufanya kazi.

Kinachofaa ni mlo wenye saa zake na mpangilio wake. Wataalamu wengi wa lishe hulenga gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya mtindi takriban 8, kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 zaidi ya 20, na kikombe cha maharage yaliyoiva takriban 15. Sahani ya mchana yenye kipande cha samaki, vijiko viwili vya mchicha na matonge mawili ya ugali huliwa kwa mpangilio huo: samaki kwanza, mboga zifuate, ugali mwisho, kwa dakika 20 hadi 30, kila tonge likitafunwa hadi lilainike. Maji huachwa hadi nusu saa baada ya kula, kisha hunywewa kwa mafunda madogomadogo, lita moja na nusu au zaidi kwa siku. Kwa sababu hiyohiyo, Mwislamu aliyepasuliwa hupaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya kufunga Ramadhani, kwani maji ya siku nzima hayawezi kufidiwa kwa mkupuo wakati wa futari.

Kosa linalodhuru zaidi ni kujibu ukimya wa mizani kwa kuacha kula. Mwili usiopata protini hula misuli yake, na misuli hutumia nishati zaidi kuliko mafuta. Nywele hunyonyoka, nguvu huisha, na upungufu wa vitamini B1, hasa kwa anayetapika mara kwa mara, unaweza kuharibu neva na ubongo. Mazoezi ya nguvu yana faida zaidi kuliko njaa ya kujitakia: kuchuchumaa na kusimama, kunyanyua ndoo za maji zenye uzito unaomudu, kupanda ngazi, mara mbili au tatu kwa wiki, pamoja na kutembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki.

Uzito ukiendelea kugoma ingawa mlo uko sawa, au ukianza kupanda kwa kasi, daktari hutafuta mambo mengine. Dawa huwa za kwanza kuangaliwa. Insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari hunenepesha, na kipimo kisipopunguzwa kadiri mwili unavyopungua, sukari hushuka mno na mgonjwa hulazimika kula ili kujiokoa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, dawa za steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili nazo zina tabia hiyo. Tezi ya shingo hupimwa. Ujauzito hukumbukwa pia, kwani uwezo wa kushika mimba huongezeka uzito unaposhuka, na wanawake hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba. Pombe huulizwa bila aibu: ina kalori nyingi, na baada ya kuunganishwa utumbo huingia kwenye damu haraka zaidi na kujenga uraibu kwa urahisi.

Ufuatiliaji huu ndio unaowakosa wengi wanaosafiri India au kwingine, wakapasuliwa na kurudi nyumbani bila daktari wa kuwaangalia. Chuma, vitamini B12 na vitamini D vinahitaji kupimwa maisha yote. Maumivu makali ya tumbo au kutapika kusikokoma ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Puto linalowekwa tumboni, huduma inayotolewa pia Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, nchini Tanzania, ni kitu tofauti: si upasuaji, huondolewa tumboni baada ya miezi kadhaa, na uzito hukwama na kurudi mapema zaidi.

Kwa wale ambao upasuaji haukuwapunguza vya kutosha, sasa kuna dawa. Katika jaribio lililofanywa London na kuchapishwa mwaka 2023, watu 70 wa kundi hili waligawanywa katika makundi mawili. Waliochomwa sindano za liraglutidi walipungua takriban asilimia 9 katika wiki 24, wakati waliopewa sindano zisizo na dawa hawakufika hata asilimia 1. Semaglutidi, ya jamii hiyohiyo, nayo hutumika. Bei yake bado ni mzigo mzito kwa familia nyingi, na uzito huelekea kurudi dawa ikiachwa. Kupasuliwa mara ya pili huja mwisho, baada ya kamera na picha kuonyesha kasoro ya wazi, kama mfuko uliotanuka, njia isiyotakiwa iliyojifungua ndani, au kiungulia kikali kinachomlazimu aliyefanyiwa mrija kuhamia kwenye kuunganishwa utumbo. Hatari zake ni kubwa kuliko za upasuaji wa kwanza, na kilo zinazopungua kwa kawaida ni chache zaidi.