Je, Wajua? Kupe wa Uani

Je, wajua kwamba kupe unayemng'oa sikioni mwa mbwa ni mmoja tu kati ya wengi? Kupe wengi huishi zaidi ya asilimia 90 ya maisha yao chini, kwenye majani, takataka na nyufa. Inauma kuona fedha yote ikiishia kwenye dawa ya kuogeshea huku majani ya uani yakifika magotini.

Je, wajua kwamba kupe hana mbawa wala hawezi kuruka? Hupanda hadi ncha ya jani, akanyoosha miguu ya mbele, inayonusa pumzi na kuhisi joto la apitaye. Fyeka. Jua likifika ardhini, humkausha.

Je, wajua kwamba kupe kahawia wa masikio, mwenezaji wa ugonjwa wa ng'ombe uitwao ndigana kali, hudondoka ardhini mara tatu? Hunyonya akiwa mchanga, akashuka kujivua ngozi. Hunyonya tena akiwa tunutu, akashuka. Mwishowe jike aliyeshiba hudondoka, hutaga maelfu ya mayai na kufa. Kupe akishauma, vimelea vya ndigana huhitaji kama siku tatu kukomaa kwenye tezi za mate kabla ya kumwambukiza ndama. Kwa hiyo papasa masikio ya ndama kila siku, ndani hadi kwenye mikunjo.

Je, wajua kwamba kuku wa kienyeji hula kupe? Watafiti nchini Kenya waliwaachia kuku wazunguke kati ya ng'ombe, kisha wakakuta makumi ya kupe matumboni mwao. Siku ya kupuliza dawa, wafungie.

Kupe wa mbwa hupanda ukutani kutaga nyufani: kandika banda, badilisha matandiko. Dawa ya mbwa yenye permethrini yaweza kumuua paka.

Je, wajua kwamba papasi, ndugu wa kupe, hukaa miaka bila kula kwenye nyufa za sakafu ya udongo? Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki Kongo kwa homa ya papasi aliyokuwa akiichunguza.

Na kupe aliyekung'ata wewe? Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kuzungusha. Usimponde kwa kucha, kwani majimaji yake yaweza kubeba homa ya Krimea-Kongo. Mtumbukize kwenye spiriti, kisha nawa kwa sabuni.