Siku Mbili Dar es Salaam Kabla ya Kuvuka Bahari

Mtu wa kwetu Kyela akisema anakwenda Unguja, jirani zake wote humwuliza habari za meli. Hakuna amwulizaye habari za Dar es Salaam, mji ambao hana budi kulala kabla ya kuvuka. Hata mimi niliuona mji huo kama kituo tu cha kupumzikia. Kumbe jambo kubwa la safari yetu lilitukia pale pale, kabla hatujagusa maji.

Ilikuwa mwezi wa Juni 2024, watoto wako likizo. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni muuguzi huko Unguja. Alikuwa amejifungua mapacha, akamwomba dada yake aende kumsaidia kwa wiki chache. Basi tukauza kakao tuliyokuwa nayo, tukapata nauli. Tukafunga mchele wa nyumbani na samaki mbasa waliokaushwa vizuri, maana huwezi kwenda kwa mzazi mikono mitupu. Tukaondoka watu watano: mimi, mke wangu na watoto wetu watatu, mkubwa wa miaka 12 na mdogo wa miaka 4.

Kosa langu

Wasomaji wapenzi, kabla sijaendelea imenipasa kukiri kosa langu.

Mke wangu amezaliwa ufukweni, upande wa Matema. Alipokuwa msichana wa miaka 15, kaka yake alitoka na mtumbwi wakati wa mwera, ule upepo wa kusini unaochafua ziwa miezi ya katikati ya mwaka. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Tangu siku ile mke wangu hakukanyaga tena chombo cha majini. Bibi yake naye alikuwa akisimulia habari za meli Vipya, iliyopinduka katika Ziwa Nyasa mwaka 1946, karibu na Chilumba, ikaua watu zaidi ya 100. Januari 2021 meli MV Mbeya II, iliyojengwa kubeba abiria 200 na mizigo tani 200, ilipozinduliwa Itungi, watu wengi wa kijijini kwetu walikwenda kuitazama. Yeye alibaki nyumbani akipepeta mpunga.

Haya yote niliyajua. Lakini nilipopanga safari nilimwambia tu, “Tutafika, usiwe na wasiwasi.” Sikumwambia tutavuka kwa chombo gani. Zamani mdogo wake alikuwa amemwahidi nauli ya ndege, naye akadhani ahadi ile imetimia. Niliona kwamba anadhani hivyo, nikanyamaza. Nilijisemea moyoni: tukishafika Dar es Salaam atazoea.

Safari na mji

Tuliondoka Kyela alfajiri. Tukapanda milima ya Tukuyu, baridi ikatupiga. Tukapita Uyole, Makambako na njia ya Iringa. Mikumi watoto waliona twiga na swala dirishani, wakapiga kelele basi zima likacheka. Usiku tukafika kituo cha Magufuli, pale Mbezi, kituo kikubwa cha mabasi kilichofunguliwa mwaka 2021. Mjomba wa mke wangu alikuwa akitungoja, akatupeleka kwake Manzese. Mzee huyu alifanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo bandarini miaka mingi, na sasa amestaafu.

Kesho yake akatutembeza. Tukapanda basi la mwendokasi hadi Kivukoni. Mabasi hayo yalianza kazi mwaka 2016, nayo yana njia yao peke yao katikati ya barabara. Mdogo wetu aliuliza kwa nini magari mengine hayaji kwenye njia yetu. Mjomba akamjibu kwamba wakubwa wamepita, wengine wangoje. Tukaingia soko la samaki la Feri. Watoto waliona pweza na taa, na samaki wengi wasiojua majina yao. Wa kati akanivuta shati: “Baba, mbasa wao wako wapi?”

Tukasimama kutazama pantoni likivusha watu na magari kwenda Kigamboni. Mke wangu alimshika mdogo mkono kwa nguvu, ingawa tulikuwa mbali na maji. Ndipo yule mkubwa, ambaye nilikuwa nimemwonyesha tiketi kwa siri, akasema kwa furaha, “Mama, kesho tutapanda kubwa kuliko hilo!”

Mke wangu akanigeukia. “Kubwa gani?”

Sikuwa na jibu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alitembea mbele yetu akifuata barabara ya ufukweni mpaka Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile kanisa kuu lenye mnara mrefu lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, ambalo limeelekea bandari. Akaingia, akakaa humo karibu nusu saa. Mimi nilikaa nje na watoto, tiketi tano mfukoni, nikizitazama boti za Unguja ng’ambo ya barabara. Nilihesabu hasara zangu. Asipovuka, nauli imepotea, na mdogo wake atabaki na mapacha bila msaada. Lakini hasara kubwa ilikuwa nyingine: nilikuwa nimemdanganya kwa kunyamaza.

Maneno ya mjomba

Jioni, baada ya chakula, mjomba akatuita sebuleni. Alianza na mimi.

“Mkwe, umekosa. Mtu aliyefiwa majini hapelekwi majini kwa hila. Mwombe radhi mwenzako.”

Nikamwomba radhi mbele ya mzee. Mke wangu akainamisha kichwa, hakujibu.

Mimi nilitazamia mzee amwambie kwamba bahari haina hatari. Hakusema hivyo. Alianza kuhesabu kwa vidole. MV Bukoba, ziwani Victoria, Mei 1996, mamia ya watu. MV Spice Islander, Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. MV Skagit, Julai 2012, ikitoka hapa hapa Dar es Salaam kwenda Unguja, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Nikaona mzee ananiharibia kabisa.

“Sikuhesabii ili uogope,” akamwambia mpwa wake. “Unaogopa tayari. Nakuhesabia ili ujue kwamba meli hazizami kwa bahati mbaya tu. Bukoba na Spice Islander zilijazwa kupita kiasi. Skagit ilipigwa na upepo na mawimbi makali, nayo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya maji yaliyotulia huko Marekani. Ukijua sababu, unajua la kuuliza.”

Kisha akaongeza kwa kutabasamu, “Tena ziwa lenu lina kina cha kama meta 700. Mkondo huu wa Unguja haufiki hata meta 100.”

Mke wangu akainua kichwa. “Mjomba, anayezama haulizi kina.”

Mzee akacheka sana. “Kweli! Basi usiulize kina. Uliza mambo manne. Kwanza, je, abiria wote wameandikwa majina na kuhesabiwa? Pili, jaketi za kujiokolea ziko wapi, na za watoto zipo? Tatu, Mamlaka ya Hali ya Hewa imesema nini juu ya upepo na mawimbi ya leo? Nne, milango ya kutokea iko wapi? Kesho nenda ukaulize mwenyewe, si mumeo. Jibu moja lisipokuridhisha, rudi hapa. Utalala kwangu, na mkwe atapoteza nauli yake.”

Akanitazama. Nikasema, “Nimekubali.” Usiku ule sikulala vizuri, lakini nililala nikiwa mtu mkweli.

Kwenye gati

Asubuhi tulifika bandarini mapema. Vitambulisho vikatazamwa, tiketi zenye majina zikakaguliwa, mizigo ikapitishwa kwenye mashine. Mke wangu alitangulia. Alimsimamisha kijana mmoja wa boti, akamwuliza yale manne, moja moja, bila haraka. Watu nyuma yetu wakaanza kunung’unika. Yule kijana hakukasirika. Alimwonyesha mahali pa jaketi, akatoa moja ya mtoto akampa aishike; akamwonyesha milango.

“Na upepo?”

“Kusi linavuma, mama. Mawimbi yapo, ya kawaida ya Juni. Yangekuwa ya hatari tusingeruhusiwa kuondoka.”

Alisimama kidogo, jaketi mkononi. Mimi sikusema neno. Kisha akamrudishia, akasema, “Ndaga,” asante ya kwetu, ingawa kijana hakuijua. Akamchukua mdogo mgongoni, akaingia.

Safari ni ya kama kilomita 70, nayo yapata saa mbili. Tulipotoka nje ya bandari kusi lilitupokea, boti ikaanza kuinama na kuinuka. Nani alitapika? Si yeye, wala si watoto. Ni mimi, niliyekuwa nimejigamba kwamba maji ni kitu cha kuzoea tu. Mke wangu alinishikia mfuko, huku akitazama nje. Tulipokaribia Chumbe na mnara wake wa taa, nilimsikia akitaja jina la kaka yake, mara moja tu, kwa sauti ndogo.

Tuliposhuka Malindi, mdogo wake alikuwa akingoja. Kabla hawajakumbatiana, mke wangu aliniambia, “Ungeniambia nyumbani, ningeogopa wiki mbili nzima. Lakini ningeogopa nikiwa na wewe.”

Wazazi wenzangu, wengi wetu siku hizi tuna ndugu mbali, nasi hupitia mji mkubwa kwenda kwao. Mkipita Dar es Salaam, nunueni tiketi dirishani pa wenye chombo, si kwa kijana wa barabarani. Chukueni vitambulisho vya wakubwa na karatasi za kuzaliwa za watoto. Msipange kufika na kuvuka siku ile ile. Mtu aliyechoka hawezi kuuliza maswali wala kushika watoto vizuri. Na yule aliye na hofu nyumbani mwenu, mwambieni habari yote kabla hamjafunga mizigo.

Mimi nilirudi Kyela baada ya wiki moja. Mke wangu na watoto walirudi Julai, bila mimi. Mjomba, aliyewapokea gatini, alinipigia simu jioni hiyo hiyo. “Mkwe,” akasema, “wamefika salama. Na huko Unguja, kabla ya kupanda, ameuliza yote manne.”