Malisho Yenye Vipara: Jinsi ya Kurudisha Nyasi Kabla ya Mvua ya Vuli

Mvua ya vuli hapa Makueni huanza Oktoba, na kwa kawaida huaminika kuliko ile ya masika inayokuja Machi. Mkulima wa ndengu na mahindi anazijua tarehe hizo bila kukumbushwa. Mfugaji hazijali sana, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba nyasi hujiotea zenyewe. Zamani ilikuwa kweli. Leo ukishuka kutoka Wote kuelekea Kathonzweni, au ukisimama kando ya barabara kuu pale Makindu wakati wa kiangazi, utaona vichaka, udongo mwekundu ulio wazi, na kishungi cha nyasi hapa na kingine kule.

Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka wa 2020 ulituonyesha gharama ya vipara hivyo. Misimu 5 ya mvua ilifuatana bila kunyesha vya kutosha hadi mwisho wa 2022. Wafugaji wengi walilazimika kuchagua kati ya kununua marobota ya nyasi kutoka mbali na kuuza ng'ombe aliyekonda kwa bei ya kutupa. Aliyekuwa na ekari moja au mbili za nyasi ndani ya ua alikuwa na njia ya tatu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuipata ekari hiyo. Kazi yenyewe huanza Agosti, wala si siku mawingu yanapotanda.

Kwanza tazama chini

Si kila malisho yaliyopungua yanahitaji mbegu. Tembea shambani asubuhi moja ukihesabu hatua. Ikiwa kila hatua mbili au tatu unakutana na shina la nyasi ya kudumu ambalo bado lina uhai kwenye mizizi, shamba lako halijafa, limechoka tu. Lizungushie ua, ondoa mifugo msimu mzima wa mvua, na uziache nyasi zilizopo zikomae na kumwaga mbegu. Utapanda penye vipara pekee. Usilime shamba zima, kwani plau itang'oa nyasi ulizonazo huku ukitafuta zile usizonazo.

Ukitembea hatua 20 bila kuona shina, hapo kupumzisha shamba peke yake hakutoshi. Chukua kikombe cha maji uyamwage polepole kwenye udongo huo. Maji yakisimama juu au yakianza kutiririka badala ya kuzama, umeuona ugonjwa wenyewe. Matone ya mvua yanapopiga udongo usiofunikwa huvunja chembe zake, na zile laini huziba vitundu vinavyopitisha maji. Jua likiwaka, juu hubaki utando mgumu kama sakafu iliyosiribwa. Mvua inayofuata hupita juu ya utando huo hadi korongoni, ikibeba mbegu, samadi na udongo mzuri. Ndiyo maana kipara hakijifuniki chenyewe hata mwaka wa mvua nzuri. Kila mwaka kinapanuka kidogo. Na ndiyo maana wengi wamerusha mbegu juu ya ardhi ngumu, wakaona hakuna kitu, kisha wakamlaumu aliyewauzia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuvunja utando na kuyazuia maji pale pale yanapoanguka. Kwenye shamba kubwa tumia plau ya ng'ombe, ukichimba mitaro ya kina cha sentimita 15 hadi 20. Mitaro ikingame mteremko, isiteremke nao, na udongo uwekwe upande wa chini ili uwe tuta. Si lazima kulima kila mahali. Acha nafasi kati ya mtaro na mtaro, mradi maji yanayofurika katika mmoja yakutane na mwingine huko chini. Penye kipara cha ukubwa wa nyumba, jembe la mkono linatosha. Wakaazi wa Kibwezi wanaofika upande wa pili wa vilima vya Chyulu, katika ranchi ya Kuku huko Kajiado, huenda wameona njia nyingine: mashimo ya umbo la nusu mwezi, mdomo ukielekea juu ya mteremko na tuta likiwa upande wa chini. Maji hunaswa humo na mbegu hupandwa ndani. Ni kazi nzito, lakini haihitaji ng'ombe wala plau, na kikundi cha jirani 10 wanaosaidiana kwa zamu kinaweza kuimudu.

Mbegu zetu wenyewe

Nyasi zinazofaa hapa ni zile zile zilizokuwapo. Tatu zinatajwa sana na wataalamu, na wazee wengi wanazijua kwa Kikamba: ndata kivumbu, mbeetwa na nguu. Kwenye mfuko wa mbegu huenda ukakuta majina ya kisayansi, nayo ni Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba na Enteropogon macrostachyus kwa mpangilio huo. Nguu huota upesi, kwa hiyo ndiyo itakayokutia moyo kwanza. Mbeetwa hupendwa na mifugo. Ndata kivumbu ina mizizi mirefu na huvumilia kiangazi na kulishwa. Panda mchanganyiko, mvua ikikatika mapema, angalau moja itasalia. Nyasi ya Boma Rhodes inasifiwa sana na wauzaji, na ni nzuri kwenye maeneo yenye mvua zaidi, lakini kwa shamba la Mtito Andei nisingeanza nayo.

Kituo cha utafiti cha KALRO pale Kiboko, hapa hapa kwetu, kimefanya kazi ya nyasi hizi kwa miaka mingi, na ushauri wake uko karibu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Hata hivyo mbegu nyingi huuzwa kati ya mkulima na mkulima, na hapo ndipo pesa hupotea. Mbegu ya mbeetwa au ya ndata kivumbu iliyovunwa juzi huwa imelala. Ukiipanda mara moja itaota kidogo sana. Inahitaji kukaa miezi kadhaa mahali pakavu, ndani ya gunia linalopitisha hewa, si mfuko wa plastiki. Muulize muuzaji ilivunwa mwezi gani. Kisha, kabla ya kulipia kilo nyingi, nunua kiasi kidogo uijaribu nyumbani. Hesabu mbegu 100, zitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu kwenye sahani, zifunike, na uzilowanishe kidogo kila siku. Baada ya wiki mbili hesabu zilizoota. Zikiwa 50, hiyo ni mbegu ya kupandwa. Zikiwa 5, mrudishie mwenyewe.

Ekari moja huhitaji takriban kilo 2 za mbegu njema. Ni nyepesi na zina manyoya, hushikana mkononi na kupeperushwa na upepo, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu au samadi iliyosagika na uzimwage asubuhi kukiwa kumetulia. Panda ardhi ikiwa bado kavu, siku chache kabla ya mvua, ndani ya mitaro na kando yake. Usizifukie kama mahindi. Udongo wa sentimita moja juu yake unatosha; kokota tawi la mti juu ya mitaro mara moja na umemaliza. Mbegu iliyozikwa kwa kina haina nguvu ya kufika juu. Penye vipara vidogo, laza matawi ya miiba baada ya kupanda. Yatapunguza kishindo cha matone ya mvua, yatashika mbegu zisichukuliwe na maji, na yatamzuia mbuzi.

Ua ndio gharama

Mbuzi ndiye anayeharibu kazi hii kuliko ukame. Miaka michache iliyopita nilijaribu robo ekari nyumbani kwetu. Wiki ya tano miche ilikuwa imefika kifundo cha mguu, imependeza, nami nikarudi kazini. Jamaa mmoja aliona ni dhambi kuacha kijani kile huku mbuzi wakilia, akawafungulia waonje tu. Walikuwa 6, na ilikuwa alasiri moja. Niliporudi sikukuta nyasi zilizokatwa, nilikuta vishimo. Mche mchanga bado haujashika udongo, na mnyama akiuvuta hang'ati jani, anaondoka na mzizi wake wote.

Kwa hiyo msimu wa kwanza mifugo wasiingie kabisa mpaka nyasi zichanue, zikomae na kumwaga mbegu. Hilo ni jambo la kukubaliana nyumbani kabla ya kununua mbegu, pamoja na jirani ambaye ng'ombe wake hupita hapo wakienda mtoni. Usifunge malisho yote kwa mara moja, kwa maana njaa ya Septemba itafungua ua wowote. Anza na nusu ekari au ekari moja, ile unayoweza kuizungushia miiba na kuilinda, na mifugo waendelee kwingine.

Msimu huo wa kwanza utaona nyasi chache na magugu mengi. Usikate tamaa, wala usikimbilie kulima upya. Ng'oa magugu au uyafyeke kabla hayajatoa mbegu, lakini uwe mwangalifu, kwa sababu mche wa nyasi unafanana na mengi ukiwa mdogo. Nafasi zilizobaki wazi zijaze kwa mbegu kidogo mvua ya masika ikikaribia. Kuanzia msimu wa pili unaweza kulisha kwa kiasi, au kukata nyasi na kuzihifadhi. Anayetaka nyasi kavu yenye lishe azikate zinapoanza kuchanua, si zikiwa zimegeuka mabua, na aache kisiki cha sentimita 10 ili zichipue tena.

Wenzetu wa Kilungu na Mbooni, kwenye baridi na mvua zaidi, wana kazi nyepesi. Uwanja wa shule au ua wa nyumba wenye nyasi ya kikuyu ulioliwa na nyayo hauhitaji mbegu: legeza udongo mvua ikianza, chomeka vipande vya mashina yanayotambaa kila futi moja, vikanyage kidogo, na uzuie watu kupita hapo kwa wiki kadhaa.

Maafisa wa mifugo katika ofisi za wadi wanaweza kufika shambani kukuonyesha mkingamo wa mteremko kabla plau haijaingia, na ni afadhali waitwe Agosti kuliko Oktoba, wakati kila mtu anawatafuta. Na shamba likishaota, tenga sehemu ndogo isiyokatwa wala kulishwa. Masuke yakianza kubadilika rangi, yavune kwa mkono asubuhi umande ukikauka, yaanike kivulini, na uandike mwezi juu ya gunia. Mbegu iliyovunwa Januari itakuwa imelala vya kutosha ifikapo Oktoba.