Bakteria na Usafishaji wa Mazingira: Maneno Yanayohitaji Uangalifu

Katika tafsiri zihusuzo mazingira, bakteria huitwa mara vijidudu, mara viini, mara vimelea, kana kwamba yote ni mamoja. Sivyo. Kimelea humtegemea kiumbe mwingine na kumdhuru. Viini vimezoeleka kutajwa pamoja na maradhi. Na mwananchi asikiapo vijidudu hufikiria dawa ya kuviua. Akiambiwa kwamba vijidudu vimetiliwa mbolea ufukweni ili vizidi, atashtuka, tena kwa haki. Tunashauri litumike neno bakteria, ambalo wanafunzi wamekwisha kulizoea.

Na mbolea kweli ilitiwa. Tarehe 24 Machi, 1989, meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska, Marekani, ikamwaga baharini mafuta ghafi yapatayo lita milioni 40. Bakteria walao mafuta walikuwapo tayari katika fukwe zile. Mafuta yaliwapatia kaboni tele, lakini nitrojeni na fosforasi, ambazo bila ya hizo hawawezi kuongezeka, zilikuwa haba. Ndipo fukwe ziliponyunyiziwa mbolea, na mara nyingi mafuta yalipungua upesi zaidi. Yaliyozama chini ya changarawe, pasipofika oksijeni ya kutosha, yalidumu zaidi ya miaka 20.

Kitenzi nacho kina taabu yake. Wengi huandika kwamba bakteria huyeyusha mafuta. Lakini chumvi iliyoyeyuka majini haijatoweka. Onja maji, utaikuta. Bakteria huvunjavunja molekuli za mafuta kwa vimeng'enya vyao, nyingi zikaishia kuwa maji na kaboni dioksidi. Kumeng'enya ndicho kitenzi kifaacho, ingawa tumezoea kukisikia katika habari za tumbo.

Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia hapa kwetu, haimeng'enywi kamwe, kwa kuwa ni elementi. Wako bakteria waigeuzao kuwa mvuke, ikatoka majini na kuingia hewani, imehama tu. Tangazo likisema kwamba zebaki imemeng'enywa, mwanakijiji atadhani imekwisha. Hapo iandikwe kubadilishwa hali.

Kwa jina la shughuli yote tunapendekeza usafishaji kwa viumbe hai, wala si usafishaji kwa bakteria, maana kuvu na mimea pia hutumiwa katika kazi hiyo.