Picha za Kijiji katika Sebule za Mjini

Picha za kijiji ni sehemu ya uchoraji wa mitaani uliostawi kusini mwa Kongo miaka ya 1960 na 1970, hasa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mchoraji aliwamba gunia la unga kwenye fremu ya mbao, akalipaka rangi nyeupe, kisha akachora nyumba za nyasi, michikichi, mto na mama akitwanga. Bei ilikuwa nafuu. Wanunuzi walikuwa wafanyakazi wa migodi na makarani, waliozitundika sebuleni.

Wengi wao walikulia vijijini wakahamia mjini kutafuta kazi. Katika Kiswahili cha Katanga, eneo la miji hiyo, picha za namna hii ziliitwa ukumbusho: uzuri wake ulipimwa kwa yale ziliyomkumbusha mtazamaji na masimulizi yaliyozuka mbele yake. Kwa mtoto aliyezaliwa mjini, hapo ndipo baba alipoweza kumwonyesha alikotoka.

Kijiji kilichochorwa ni cha enzi za mababu, kabla wageni hawajafika. Mateso yalichorwa kwenye picha nyingine. Moja huonyesha msafara wa watumwa chini ya Waarabu, habari inayougusa mji wa Kasongo, huko Maniema mashariki mwa Kongo, makao ya mfanyabiashara wa watumwa Tippu Tip na baadaye ya mwanawe Sefu, hadi majeshi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji yalipouteka mji huo mwaka 1893. Nyingine, iitwayo Colonie belge, huonyesha mfungwa akichapwa viboko chini ya bendera ya Ubelgiji. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, aliziunganisha enzi hizo katika mfululizo wa picha takriban 100 za historia ya nchi.

Utoto halisi wa kijijini ulikuwa na mengi zaidi. Kilimo cha lazima kiliwekwa na serikali ya kikoloni mwaka 1917, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kulimishwa pamba. Vizazi vya watu wa Kasongo na Kabambare vilikua vikiwaona wazazi wakiitumikia pamba hiyo, lakini katika picha ya kawaida ya kijiji haimo.

Uingereza nayo ilipitia hali kama hiyo viwanda vilipopanuka katika karne ya 19: Myles Birket Foster na Helen Allingham walichora watoto wa mashambani wenye furaha, na watu wa mjini wakazinunua picha hizo kwa wingi. Kwa hiyo picha ya kijiji ni ushahidi wa kweli wa mapenzi ya waliohama. Anayetaka kujua maisha yao yote aitazame pamoja na ile ya msafara na ile ya viboko.