MGB iliyolala gerejini: pesa ianzie kwenye bati

Ukipata MGB iliyofungiwa gerejini Uingereza tangu miaka ya 1990, hamu ya kwanza ni kuisikia injini ikinguruma. Subiri. Injini hiyo ya silinda nne, cc 1,798, ni ngumu, na spea zake zimejaa madukani kwa sababu kati ya 1962 na 1980 zilitengenezwa MGB zaidi ya 500,000. Kinachofilisi watu ni kutu.

Gari hili halina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na nguvu yake iko kwenye mabati yanayopita chini ya milango. Kabla hujalipa hata pauni moja, piga jeki chini ya bati hilo mlango ukiwa umefungwa, kisha tazama uwazi kati ya mlango na bodi. Ukibana, au mlango ukigoma kufunguka, ndani kumeoza hata kama rangi inang'aa. Kuna mafundi wanaofunika uozo huo kwa bati jipya na puti. Usikubali kamwe: bati la nje ni moja tu kati ya kadhaa yanayoshikana, na yaliyooza yote yakatwe na kuchomelewa upya, mlango ukijaribiwa kila hatua. Mabati yenyewe si ghali. Unacholipia ni saa za fundi.

Njia nyingine ni bodi mpya kabisa. British Motor Heritage wanazitengeneza tangu 1988 kwa mitambo ya kiwandani ya zamani. Bei inapita pauni 10,000 kabla ya rangi, na kwa pesa hiyo mara nyingi unapata MGB GT nzima inayotembea. Ningeichagua tu pale ambapo kutu imekula sakafu na pande zote mbili, na gari lenyewe ni la marehemu baba au babu, lisilo na mbadala.

Kuchomelea mpe mtaalamu. Kufungua, kusafisha na kufunga fanya mwenyewe. Hapo ndipo akiba ilipo. Toa plagi, tia mafuta kidogo ya injini kwenye kila silinda, yaache yapenye, kisha zungusha injini kwa spana, taratibu, kabla ya kugusa swichi. Kwenye breki usibane pesa: pampu na mipira yote iwe mipya, kwani mpira wa zamani huvimba ndani ukaonekana mzima nje. Tangi lenye kutu libadilishe, la sivyo utasafisha kabureta kila mara. Kabureta mbili za SU zibakie. Vifaa vya kuzifufua ni rahisi kuliko kununua Weber moja. Mipira ya petroli nunua inayostahimili ethanoli, maana tangu 2021 petroli ya kawaida huko ni E10.

Tairi zenye tarakimu tatu tu za tarehe zilitengenezwa kabla ya 2000. Zitupe, hata kama kashata zake bado nene.

Gari lililopita miaka 40 bila kubadilishwa sana limesamehewa ukaguzi wa kila mwaka, MOT. Mimi nasema lipeleke hivyo hivyo. Ada haifiki pauni 60, na mkaguzi atatazama chini ya gari kwa macho yasiyolipenda kama yako.